Namna ya kuzungumza na mgonjwa ambaye moyo wake uko njia panda

Aliyewahi kukaa katika chumba cha ushauri nasaha hapa Mombasa, iwe ni Kisauni, Likoni, Changamwe au Mji wa Kale, ataitambua sentensi inayoanza na "Nataka kuwata, lakini" na kuishia kimya. Kuwata, kwa lahaja ya hapa, ni kuacha. Mwenye kuisema huenda ni kijana aliyetumia unga, yaani heroini, kwa miaka kumi na leo ameletwa na mamake aandikishwe kwenye matibabu ya methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga. Huenda ni baba mwenye presha ambaye kila akijihisi nafuu huziweka tembe kando, au bibi mwenye sukari aliyeambiwa kwamba wakati wa sindano ya insulini umefika, naye anaamini kuwa sindano hiyo ndiyo mwanzo wa mwisho wake. Maradhi yametofautiana, ila hali ya moyo ni moja: sehemu ya mtu inataka mabadiliko, na sehemu nyingine, iliyo hai vilevile, inataka mambo yabaki kama yalivyo. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, na sisi tulio katika kazi ya tiba tumezoea kuigeuza methali hiyo kuwa lawama kwa mgonjwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa kuamini kwamba kusitasita ni hali ya kawaida ya binadamu, kwamba anayesitasita yuko karibu zaidi na mabadiliko kuliko asiyejali, na kwamba iko namna ya kuzungumza inayomsaidia avuke kwa miguu yake mwenyewe.

Namna hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na mwanasaikolojia wa Marekani, William R. Miller, katika makala iliyochipuka kutokana na mazungumzo yake na wanasaikolojia vijana wa Norwei juu ya jinsi ya kuwasaidia watu wenye tatizo la pombe. Baadaye aliungana na Stephen Rollnick, na kitabu chao cha kwanza kikatoka mwaka 1991. Toleo la nne lilitoka 2023, na tangu hapo mwanzo hadi leo wamekuwa wakirekebisha waliyoyasema kila ushahidi mpya ulipojitokeza. Kwa Kiswahili wengi huiita mahojiano ya motisha. Mimi napendelea kuiita mazungumzo ya kuibua ari, kwa sababu neno "mahojiano" humrudisha kwenye meza ya polisi mtu aliyewahi kukamatwa maskani, pale watumiaji wanapokutana, hata kabla hujamsalimu.

Kuuzuia ulimi

Mtu aliyesomea kazi ya kuponya akisikia "nataka kuwata, lakini", ulimi humwasha. Anataka kuimalizia sentensi ile yeye: aeleze madhara, atoe mfano wa jirani aliyekufa, akumbushe habari za watoto, aonye. Msukumo huu unatokana na nia njema kabisa, hamu ya kunyoosha kilichopinda, na ubaya wake uko katika mwenendo wa mazungumzo yenyewe. Mtu mwenye sauti mbili ndani yake, mwenziwe akiichukua moja na kuisemea kwa nguvu, hubakiwa na ile nyingine, na desturi ya kawaida ya mjadala humtaka aitetee. Mshauri anasema unga utakuua. Kijana anajibu kwamba wapo wanaotumia kwa miaka ishirini na bado wanatembea. Mshauri anasema kliniki ni bure. Kijana anajibu kwamba nauli ya kila siku si bure. Baada ya nusu saa kijana amejisikia kwa masikio yake akiutetea unga kwa hoja kumi, na kwa kuwa mtu huyaamini zaidi yatokayo kinywani mwake kuliko anayoambiwa, anatoka chumbani akiwa mbali zaidi na tiba kuliko alivyoingia. Mwaka 1993 Miller na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanywaji wa pombe uliolionesha jambo hili waziwazi: kadiri mshauri alivyombana na kumkabili mnywaji, ndivyo mnywaji alivyoonekana kunywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Kwetu Pwani kazi ya kuuzuia ulimi ni ngumu zaidi, na sababu mojawapo imo katika jina la kazi yenyewe. "Ushauri" ni kutoa shauri, na "nasaha" ni maonyo mema, kwa hivyo anayeitwa mshauri nasaha ameshaamrishwa mara mbili aseme kabla hajaamrishwa mara moja asikilize. Mawaidha yana heshima yake msikitini, kanisani na barazani, wala siandiki hapa kuyapunguzia daraja. Lakini kijana aliyefika kliniki ameshayasikia kwa babake, kwa ami zake, kwa imamu na kwa jirani, na kama yangemtosha asingekuwa amekaa mbele yako.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kwenye kituo ambacho sina haja ya kukitaja, nilimhutubia mama mmoja aliyekuwa akikosa kumeza tembe za kifua kikuu. Nilimweleza yote, kwa usahihi wote, naye aliitikia kwa kichwa kila nilipotua. "Ndiyo, daktari." "Sawa, daktari." Mimi si daktari, na sikumsahihisha. Hakurudi tena. Ilinichukua muda mrefu kufahamu kwamba zile "ndiyo" zilikuwa adabu ya mgeni anayengoja ruhusa ya kuondoka, na kwamba kwa dakika zote zile sikuwa nimejua hata ni kitu gani kilichomfanya tembe zimshinde.

Kumpokea mtu, pamoja na waliomleta

Mgonjwa wa Mombasa ni nadra kuja peke yake. Mama anaingia na mwanawe, anakaa kwenye kiti kilicho karibu nawe, na kabla kijana hajafungua mdomo anasema: "Mwanangu, nakuomba umwambie awate haya mambo." Mwamkie kwa heshima inayomstahili, mpe nafasi ya kueleza hofu yake, na umrudishie ulichokisikia ili ajue kwamba kimefika. Kisha umwombe, si kumwamuru, akuachie muda wa kukaa na mwanawe wawili peke yenu: "Mama, nimeielewa hofu yako. Ningeomba ruhusa yako nimsikilize na yeye kidogo, kisha tukae tena sote." Katika miaka yangu yote sikumbuki mama aliyelikataa ombi hilo lilipotolewa hivyo. Akibaki chumbani, kila neno la kijana litakuwa jibu kwa mamake, na hutapata kusikia anajiambia nini yeye mwenyewe.

Jihadhari na namna unavyomwita. Vitabu vyetu vya kazi hutumia neno "mteja", na kwa wengi halina tatizo, lakini kwa aliyeitwa "teja", yaani mraibu, mitaani kwa miaka, tofauti ya herufi moja haitoshi kumponya jeraha. Muulize angependa umwite nani. Swali hilo huchukua sekunde chache, na mara nyingi ndilo jambo la kwanza kwa siku nyingi ambalo mtu huyo ameachiwa aliamue mwenyewe.

Baada ya hapo kubalianeni mtazungumza nini. Huenda wewe umeandikiwa faili la methadoni na yeye kichwani ana donda la mguu lililomzuia kulala usiku wote, au kesi iliyoko mahakamani. Asiyesikilizwa kuhusu donda hatakusikiliza kuhusu methadoni.

Kumrudishia mtu kauli yake

Hapa ndipo ulipo uti wa mgongo wa njia hii, na ndipo wanafunzi wengi wanapodhani kwamba wameelewa kabla ya kuelewa. Waliouasisi utaratibu huu wanataja stadi nne: maswali yasiyofungika, kuthibitisha yale mema ambayo mtu ameyafanya, kurudisha kauli, na kukusanya. Zote zina kazi, lakini ya tatu ndiyo inayobeba uzito mkubwa, kwa hivyo nitazipita nyingine kwa haraka.

Kuhusu maswali, Kiswahili kina mtego wake, nao ni neno "mbona". "Mbona hukuja jana?" si swali, ni shtaka, na anayeulizwa hujibu kama mshtakiwa. "Kwa nini" nalo huelekea huko huko sauti ikipanda kidogo. Tumia "ilikuwaje", "niambie kuhusu", "unaionaje hali hii". Kuhusu kuthibitisha, fahamu kwamba ni tofauti na kusifu. "Umefanya vizuri sana" ni hukumu ya mkubwa kwa mdogo. "Umekuja leo ukiwa na arosto na bado umekaa hapa", arosto ikiwa ni yale maumivu ya kukosa unga, ni jambo ambalo yeye amelifanya, limewekwa mezani alione.

Kurudisha kauli ni kumwambia mtu, kwa sentensi ya maelezo, kile unachokisia kuwa alikikusudia. Katika Kiswahili, swali la ndiyo au la na maelezo huweza kuwa na maneno yale yale, na hapo sauti ndiyo inayotofautisha. "Umechoka", sauti ikishuka mwishoni, humwambia mtu kwamba amesikika, "umechoka?", sauti ikipanda, humtaka atoe ushahidi. Kwa hivyo jizoeze kuishusha sauti mwishoni mwa kauli. Ni jambo dogo linalosahaulika kila siku, nami bado hujisahau nikiwa nimechoka.

Mazungumzo yafuatayo, kati ya kijana anayeanza na mshauri anayemjibu, nimeyaunda kutokana na mengi, wala hayamhusu mtu mmoja.

"Dada, mimi nataka kuwata, lakini ile dawa ya kliniki sijui. Wenzangu maskani wasema ni kamba nyingine tu, watolewa huku wafungwa kule."

"Unataka kuwata, na hutaki kuingia kwenye kifungo kingine."

"Hasa. Maana nimechoka. Kila alfajiri naamka na arosto, mifupa yauma, natoka kutafuta hata uso sijaosha."

"Siku inaanza na unga ndio unaokuamuru."

(Kimya kirefu.) "Nina mwanangu wa miaka sita. Juzi aliniomba nimpeleke madrasa, nikamwambia ningoje kidogo. Nimerudi adhuhuri. Nimemkuta kakaa kizingitini na juzuu yake mapajani."

"Alikungoja."

"Aliningoja." (Anafuta uso kwa kiganja.) "Sitaki anione vile tena, dada."

"Ungependa awe na baba wa kumshika mkono asubuhi."

"Mimi nilipelekwa na babangu. Kila siku."

Tazama kwanza kwamba kijana alisema "kuwata" na mshauri naye akasema "kuwata". Angesema "kuacha matumizi ya dawa za kulevya", angekuwa amemtafsiria mtu maisha yake kwa lugha ya ofisi. Tazama pia kauli ya kwanza ya mshauri: imezibeba pande zote mbili, na imeziunganisha kwa "na", haikutumia "lakini". Neno "lakini" huyafuta yaliyolitangulia, ilhali "na" huacha pande zote mbili zisimame. Katika kauli za namna hii, ikiwa umeshamfahamu mtu vya kutosha, ni vyema upande wa mabadiliko uje mwishoni, kwa sababu mtu huelekea kuendelea na lile alilolisikia mwisho. Hapa mshauri alianza na kuwata akamalizia na kifungo, kwa kuwa ilikuwa mapema na hofu ya kifungo ilihitaji kupokewa kwanza.

Halafu tazama neno moja, "Alikungoja". Mshauri alikuwa na mambo mengi ya kusema hapo. Angeweza kusema, "Basi huoni kwamba mtoto anateseka?", na bila shaka kijana angerudi nyuma hadi kwenye maneno ya maskani. Alisema neno moja, akanyamaza, na kijana akalibeba mwenyewe hadi lilipomfikisha. Kimya cha namna hiyo kina uzito, na mshauri asiyekizoea hukijaza kwa swali. Hesabu moyoni hadi tano kabla ya kusema lolote.

Kukusanya ni kumrudishia mtu mengi kwa pamoja baada ya muda. Anayetunga kikuba cha asumini haokoti kila kilichoanguka chini ya mti, huchagua. Nawe chagua yale ambayo mtu ameyasema kuelekea mabadiliko, uyapange kwa maneno yake, kisha uulize: "Nimeacha nini?" Hofu ya kifungo isifichwe, itajwe kwa ufupi na kwa haki, lakini isiwe ndiyo inayochukua nafasi yote.

Kuyatambua maneno ya mabadiliko

Lengo la kusikiliza kote huku ni kuyasikia maneno ya mabadiliko yanapojitokeza na kuyapa nafasi yakue. Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani, kwa sababu nguvu ya neno imo ndani ya kitenzi chenyewe. Anayesema "ningependa", "ningeweza", "natamani" ameeleza hamu au uwezo. Anayesema "ni kwa ajili ya mwanangu" ametoa sababu, na anayesema "sina budi, siwezi kuendelea hivi" ameeleza haja. Yote haya ni matayarisho, nayo ni ya thamani, ila bado mtu hajaahidi. Kitenzi kikihama kutoka "-nge-" kwenda "-ta-", "nitakuja Jumatatu", au kikafika kwenye "nimeshaongea na kaka yangu anisindikize", jua kwamba mtu ameanza kusogea, na umfuate kwa mwendo wake.

"Inshallah" inahitaji uangalifu wa peke yake. Yaweza kuwa azma ya kweli inayomtegemea Mungu, na yaweza kuwa njia ya adabu ya kusema hapana bila kumvunjia mtu uso. Usiichukue kama ahadi, wala usiidharau kama ukwepaji. Iitikie, kisha uulize sehemu yake: "Inshallah. Na kwa upande wako wewe, ungependa kuanzia wapi?" Jibu litakuonesha ni inshallah ipi.

Maneno ya kubaki pale pale nayo yatakuja, na hayapaswi kukutisha. Yarudishe mara moja kwa ukweli, kisha usiyachimbe. Wengi wetu tulifundishwa kumchorea mgonjwa jedwali la faida na hasara za kuacha na za kuendelea, tukaamini kwamba kulijaza ni kumsaidia. Miller mwenyewe baadaye alitahadharisha kuwa zoezi hilo, likifanywa na mtu ambaye bado anasitasita, laweza kuipunguza azma yake, kwa kuwa linamtaka atumie nusu ya muda kuutetea upande wa kubaki. Mimi nimeliacha, nalo hulitumia tu pale ambapo sina haki ya kuegemea upande wowote, kama vile mwanamke anayeamua kuhusu njia ya uzazi wa mpango.

Kipo pia kipimo cha sifuri hadi kumi: ni muhimu kiasi gani kwako kubadilika, na una imani kiasi gani kwamba utaweza? Maswali haya mawili yatenganishwe, kwa sababu wako watu ambao jambo ni muhimu kwao kwa tisa na imani yao ni mbili, na hao hawahitaji kushawishiwa, wanahitaji kusaidiwa. Ufundi wenyewe uko katika swali linalofuata. Mtu akisema nne, usimuulize kwa nini si kumi, kwa maana atakueleza udhaifu wake. Muulize ni kitu gani kilichomfanya aseme nne asiseme moja. Kwa wasiopenda tarakimu mimi hutumia kivuko cha Likoni, ambacho kila mtu wa hapa amekingoja: bado uko nyumbani, uko njiani, umefika kwenye foleni ya feri, au umeshapanda? Mzee mmoja aliyekuwa akinywa mnazi tangu asubuhi aliniambia, "Niko kwenye foleni, lakini naangalia nyuma." Nikamuuliza nini kilichomtoa nyumbani hadi foleni. Alizungumza kwa robo saa, nami sikuwa na haja ya kuuliza jingine.

Kutoa maelezo bila kumnyang'anya mtu uamuzi

Kusikiliza si kuficha unachokijua. Mgonjwa ana haki ya kupata maelezo, na pale penye hatari ni wajibu wako kuyatoa. Utaratibu ni kuuliza kwanza anajua nini, kuomba ruhusa, kueleza kwa ufupi, kisha kuuliza yeye anayaonaje. Kwa kijana yule wa kamba, ningesema: "Umesikia nini kuhusu methadoni? Ukiniruhusu, niongeze machache tunayoyajua." Akiruhusu, nitamweleza kwamba Kenya ilianza kuitoa kwa watumiaji wa heroini mwishoni mwa mwaka 2014 na kwamba kliniki za Pwani zikafuata, Kisauni ikiwamo, kwamba ni dawa ya maji, hunywewa mbele ya mhudumu, na hukaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba dozi moja ya siku huizuia arosto, kwamba dozi huongezwa polepole, na kwamba siku za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa mtu akichanganya na pombe au tembe za usingizi. Nitamwambia pia ukweli ambao wenzake wameugusa: mwili huizoea dawa hii, na kuiacha ghafla huleta maumivu, ndiyo maana hupunguzwa kwa mpango. Kisha ninyamaze, na niulize, "Ukisikia hayo, ile kamba unaionaje?" Uamuzi ni wake, na ni vyema kumwambia hivyo waziwazi. Hiari yashinda utumwa, na mtu akishaambiwa kwa dhati kwamba hatalazimishwa, mara nyingi huacha kujilinda na kuanza kufikiri.

Bibi wa sukari naye hakuwa na haja ya kuelezwa jinsi insulini inavyofanya kazi. Nilipomuuliza amesikia nini kuhusu sindano, alisema, "Dadangu alianza sindano Shaabani, Ramadhani tukamzika." Kwa mama huyu sindano na kifo vilikuwa kitu kimoja, na maelezo yoyote ambayo yangemfikia kabla hajalisema hilo yangepita juu ya kichwa chake. Tulizungumza kwanza kuhusu dadake. Baadaye aliuliza mwenyewe kama dadake alichelewa kuanza.

Kutoka maneno kwenda mpango

Hakuna kengele inayolia kuonesha kwamba mtu yuko tayari. Utaona maneno ya kubaki yamepungua, kauli zake zimekuwa na utulivu, na anaanza kuuliza mambo ya utekelezaji: kliniki hufunguliwa saa ngapi, niende na kitambulisho? Hapo kusanya aliyoyasema na uulize swali moja: "Sasa ungependa kufanya nini?" Ukiwahi kuuliza, atarudi nyuma, rudi naye, msikilize tena.

Mpango uwe wa vitu vinavyoshikika: atakwenda siku gani, na nani, nauli itatoka wapi, atapita njia ipi ili asikatize maskani, na arosto ikimshika usiku atampigia nani simu. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, suala la kunywa dawa mchana litaibuka kwa Mwislamu, kwa hivyo liulizwe mapema, naye aelekezwe kwa daktari wake na kwa shehe anayemwamini, asije akakata dawa kimyakimya. Na akiteleza, mpokee kama ulivyompokea siku ya kwanza. Umuulize ilikuwaje, na ni nini kilichomrudisha kwako.

Iko mipaka ambayo haifai kuvukwa kwa jina la kuheshimu hiari. Mtu aliyezidiwa na dawa na pumzi zake zinapungua, anayesema anataka kujiua, au aliyechanganyikiwa, anahitaji msaada wa dharura, na mazungumzo haya yasubiri. Mnywaji mkubwa wa pombe wa kila siku asihimizwe kuacha kwa siku moja bila daktari, kwa kuwa kukata pombe ghafla huweza kuleta kifafa na hata kifo. Naye aliyekaa bila heroini kwa muda, gerezani au kwingineko, aambiwe bila kuzungukazunguka kwamba kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua.

Njia hii haijifunzwi kwa kusoma peke yake. Mwombe mtu mmoja ruhusa ya maandishi urekodi dakika ishirini za mazungumzo yenu, umhakikishie kwamba utayafuta, kisha uketi usikilize ukiwa na kalamu na karatasi yenye safu mbili. Safu moja tia alama kila ulipouliza swali, nyingine kila ulipomrudishia kauli yake. Wanaofundisha kazi hii hulenga kauli mbili za kurudisha kwa kila swali moja, na karibu kila anayejipima kwa mara ya kwanza hukuta hesabu yake imeelemea upande wa maswali. Angalia pia nani amesema zaidi. Kisha chagua swali moja kati ya uliyouliza, liandike, na chini yake uandike kauli ambayo ingeweza kukaa mahali pake. Isome kwa sauti mara kadhaa ukiishusha mwishoni, hadi isisikike tena kama swali, na kesho asubuhi uingie nayo chumbani.